Jinsi ya kusoma kitabu cha msanii wa kisasa mpaka ukakielewa (mwongozo kwa anayeanza)

Maswali ni yaleyale kila mara. Mtu kapata kitabu kikubwa cha msanii fulani, kimejaa picha, kafungua mwanzo kakutana na insha ya kurasa ishirini yenye maneno mazito mpaka basi, kafunga, alafu anauliza hivi vitabu vinasomwaje, au mpaka uwe umesomea sanaa? Hapana, huhitaji kusomea. Unachohitaji ni mpangilio, manake hivi vitabu havisomwi kama riwaya toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na ukilazimisha hivyo utachoka kabla hujafika popote.

Msimamo wangu nausema mapema sababu hatua zote zimekaa juu yake: macho yako yatangulie, maneno ya wataalamu yafuate, na maisha ya msanii yaje mwishoni kabisa. Wengi wanafanya kinyume, wanaanza na maisha (utoto mgumu, ndoa, ugonjwa, umaskini) na baada ya hapo kila picha wanayoiangalia wanaona ule ugonjwa na ule umaskini tu, hawaoni tena rangi wala umbo wala mkono uliofanya kazi. Inaniuma sana hii kitu, kwa sababu msanii katumia miaka kutengeneza kazi na sisi tunaipita kama vile ni picha ya kusindikiza hadithi.

Kwanza jua umeshika kitabu gani

Katalogi ya maonyesho inatolewa na jumba la makumbusho au galari pamoja na maonyesho, ina insha, ina picha nyingi, na karibu kila mara inamsifia msanii. Wasifu umeandikwa na mtu mwingine, maneno mengi picha chache. Tawasifu au kitabu cha mahojiano ni sauti ya msanii mwenyewe. Alafu kuna ile orodha ya kazi zote alizowahi kufanya msanii, wataalamu wanaiita katalogi rezone, hiyo haisomwi, unaitumia kutafutia kitu kama unavyotumia kamusi. Hatua za hapa chini zinafaa zaidi kwa aina ya kwanza, ila ukiwa na wasifu fanya hivyohivyo na picha utafute pembeni.

Vitu vya kuwa navyo

- Kitabu chenyewe. Cha karatasi ni bora, kama ni PDF basi tumia skrini kubwa, simu itakudanganya ukubwa na rangi.
- Daftari na penseli. Penseli, sio peni, hasa kama kitabu ni cha kuazima.
- Futi ya kupimia, ya fundi nguo au ya seremala, yoyote. Usiiruke hii, utaona kazi yake.
- Vipande vitatu vya karatasi vya kuweka alama.
- Mwanga wa mchana. Taa ya njano inageuza bluu na nyeupe zote.
- Simu yenye intaneti, lakini ikae mbali mpaka hatua ya 8.

Hatua zenyewe

1. Funua picha zote bila kusoma chochote.
Toka mwanzo mpaka mwisho, taratibu, hata maandishi madogo chini ya picha usiyasome, ukiweza yafunike na kiganja. Ukimaliza rudi uweke alama kwenye kazi tatu: moja umeipenda, moja imekuudhi, moja huielewi kabisa. Kwa kila moja andika sentensi tatu nne za kile unachokiona tu. "Kuna mwanamke amekaa, mkono wa kushoto haujamaliziwa, nyuma rangi imechuruzika." Basi.

ANGALIZO: usiandike "inawakilisha" wala "inamaanisha". Bado hujui. Ukishaandika maana mapema utaitetea kitabu kizima hata kama sio.

2. Sasa soma yale maandishi madogo chini ya picha.
Hapa ndo watu wanaparuka na hapa ndo pana mali. Kwa kawaida utakuta jina la kazi, mwaka, vifaa, vipimo, na mahali ilipo. Twende kimoja kimoja.

Jina: ukikuta "Bila jina" usihangaike kutafuta siri, wasanii wengi hawataki jina likuelekeze pa kuangalia.

Mwaka: ukiona 1998–2003 ina maana kazi ilichukua muda wote huo au ilirudiwa rudiwa. Kwenye fotografia ukiona miaka miwili imetenganishwa na mkwaju (/), mara nyingi wa kwanza ni mwaka wa kupiga na wa pili ni wa kuchapisha.

Namba kama 3/25: hii ni chapa ya tatu kati ya 25, kwa hiyo kazi hiyohiyo ipo sehemu nyingine pia. Herufi A.P. ni nakala za msanii mwenyewe, nje ya hiyo hesabu.

Vifaa: hapa kaa. Kaa kweli. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi 1984, anachora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti kinachotengenezwa Uganda, na lubugo ina matundu na mishono yake ya asili. Kama hukusoma neno "lubugo" pale chini utadhani picha imechanika au mpiga picha kakosea, kumbe mchoraji anayaona yale matundu na anachora akiyajua. Au mchukue Magdalene Odundo, naye kazaliwa Nairobi, 1950. Vyungu vyake ukivitazama haraka utasema vimepakwa rangi. Hajapaka. Anavijenga kwa mkono, mkunjo wa udongo juu ya mkunjo, bila gurudumu, anavisugua mpaka ving'ae, alafu moto ndo unaamua: hewa ikiwepo ya kutosha tanuruni vinatoka vyekundu kuelekea chungwa, akichoma tena kwa kuibana hewa vinakuwa vyeusi. Ukishajua hilo, lile doa jeusi linaloingia kwenye wekundu unaliangalia tofauti kabisa, ni alama ya moto ulivyopita. Neno moja la kifaa limekufungulia hayo yote, na insha hujaigusa.

Ukikuta "vifaa mseto" ina maana vitu vingi vimechanganywa na aliyeandika hakuvitaja vyote. Zuumu kwa macho utafute mwenyewe.

3. Chukua futi upime ukutani.
Vipimo huandikwa urefu wa kwenda juu kwanza, alafu upana, alafu kina kama ni sanamu. Zile kazi zako tatu zipime kweli ukutani, weka alama na penseli au tepu, alafu simama mbele yake. Kitabu kinafanya kila kitu kiwe saizi ya ukurasa, kazi ya kushika mkononi na kazi ya kujaza ukumbi zinakaa kurasa mbili zinazotazamana na zote zinaonekana sawa. Yule buibui wa mchongaji Louise Bourgeois, sanamu inayoitwa Maman, wa 1999, ana zaidi ya mita 9 kwenda juu. Watu wanapita katikati ya miguu yake. Kwenye kitabu anaenea kwenye kiganja, sasa utahofia nini hapo?

Na kuna kazi ambazo picha ni moja tu kati ya sura zake nyingi. El Anatsui, Mghana aliyefundisha miaka mingi chuo kikuu cha Nsukka kule Nigeria, anaunganisha maelfu ya vifuniko na vipande vya chupa za pombe kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa kama shuka kubwa la chuma linalolainika, na shuka lenyewe halina mkao mmoja, kila likitundikwa linakunjwa upya, mara nyingi yeye anawaachia wanaotundika waamue. Kwa hiyo ukikuta kazi ileile kwenye vitabu viwili haifanani, hakuna aliyekosea. Andika kwenye daftari "huu ni mkao mmoja" usonge mbele.

4. Nenda nyuma ya kitabu utafute ratiba ya maisha.
Vitabu vingi vinayo, miaka na matukio kwa mistari. Nakili mistari minane hivi, isizidi kumi, na pembeni andika kazi zilizotoka miaka hiyo. Usiunganishe bado, panga tu.

Mfano wa Yayoi Kusama ungekaa hivi: 1929 anazaliwa Matsumoto, Japani. 1957 anakwenda Marekani. 1965 chumba chake cha kwanza cha vioo. 1966 anafika Venice, Italia, kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa ya sanaa (Biennale), anatandaza mipira 1,500 ya kung'aa kwenye majani na kuiuza mmoja mmoja kwa wapita njia mpaka wenye maonyesho wanamzuia. 1973 anarudi Japani. 1977 anaanza kuishi kwenye hospitali ya magonjwa ya akili kwa hiari yake, huku akiendelea kufanya kazi kwenye studio. 1993 anarudi Venice, safari hii akiiwakilisha Japani rasmi. Mistari saba tu hiyo na tayari una mtu, sio "yule bibi wa madoa".

5. Soma maneno ya msanii kabla ya maneno ya wengine.
Kama kuna mahojiano, anzia hapo. Msanii mara nyingi anaongea mambo ya kazi yenyewe: gundi ilikataa, studio ilikuwa ndogo, rangi ile ilikuwa inapatikana kirahisi, na hayo ndo yanayosaidia. Ila naye usimmeze mzimamzima, mtu akiulizwa swali lilelile miaka thelathini anakuwa na jibu lililong'arishwa.

6. Soma insha moja. Moja.
Angalia orodha ya insha, chagua inayotaja angalau kazi moja kati ya zako tatu, nyingine ziache kwanza. Soma ukiwa umefungua picha pembeni na kidole kiko kwenye picha, na kwa kila sentensi jiulize: naweza kuionyesha hii kwa kidole? Ukiweza weka alama ya vema. Usipoweza weka alama ya kuuliza na uendelee, usikae hapo saa nzima, kuna sentensi kwenye hizi insha hata wenye shahada wanazipita tu. Kumbuka pia mwandishi wa insha mara nyingi ndo huyohuyo aliyeandaa maonyesho, hawezi kukwambia kazi fulani ilikuwa dhaifu. Hiyo kazi ya kusema ni yako.

7. Sasa maisha na kazi, ila kwa uangalifu.
Rudi kwenye ile ratiba ya hatua ya 4. Swali la kuuliza ni hili: je, kazi ilitangulia au hadithi ilitangulia?

Mfano mzuri ni Bourgeois tena. Mwaka 1982, akiwa na miaka 70, MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, lilimfanyia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake, na mwaka huohuo akaweka hadharani habari za utotoni, baba yake na yule mwalimu wa nyumbani aliyekuwa mpenzi wa baba. Toka hapo karibu kila mtu anaeleza kazi zake zote kwa hadithi hiyo. Lakini alikuwa anachonga toka miaka ya 1940, watu walizitazama zile sanamu miaka na miaka bila hadithi hiyo na zilisimama. Kwa hiyo hadithi ni ya kweli, ni yake, inasaidia, ila haiwezi kuwa ufunguo pekee wa mlango ambao ulikuwa wazi kabla. Na hata yule buibui, ambaye wengi wanamuona wa kutisha, yeye alisema ni mama yake, fundi aliyekuwa anakarabati mazulia ya ukutani ya kufumwa. Sasa kaangalie buibui upya, angalia lile fuko la mayai chini ya tumbo, uone unaogopa au unajisikia umelindwa. Mimi naona vyote viwili, na nadhani hapo ndo penye nguvu yake.

Kwa Kusama vilevile, wengi wanaandika "anachora madoa kwa sababu ya ugonjwa" na wanafunga mjadala. Ni kweli yeye mwenyewe anasema maono yalimwanza utotoni. Lakini ugonjwa haukuelezi kwa nini aliuza mipira Venice, wala kwa nini New York aliandaa maandamano ya sanaa kupinga vita vya Vietnam. Huyo ni mtu anayefikiri, anayepanga, anayejua biashara na siasa. Ukimfungia kwenye ugonjwa umemdhulumu.

8. Simu sasa, kwa zile kazi zisizokaa kwenye karatasi.
William Kentridge wa Johannesburg anachora kwa mkaa, anapiga picha, anafuta kidogo, anachora tena juu ya karatasi ileile, anapiga tena, mpaka inakuwa filamu. Kitabu kitakupa fremu moja yenye vumbi la mkaa na utashangaa mbona chafu, lile vumbi ni mabaki ya kila kilichofutwa, kinachotembea huwezi kukiona kwenye karatasi. Tafuta video hata ya dakika mbili.

Kazi za mwili, yaani zile ambazo msanii anatumia mwili wake mwenyewe mbele ya watu, ndo zaidi. Marina Abramović mwaka 1974 mjini Naples alisimama masaa 6, mezani kaweka vitu 72, waridi, asali, mkasi, hadi bastola na risasi, watazamaji wakaruhusiwa kumtumia vyovyote wapendavyo. Kwenye kitabu zimebaki picha chache na maelekezo. Soma yale maelekezo taratibu, ndo kazi yenyewe, picha ni ushahidi tu.

9. Rudi kwenye kazi zako tatu.
Zifungue, soma sentensi ulizoandika hatua ya 1, alafu ongeza chini yake kilichobadilika. Mara nyingi ile iliyokuudhi inapanda, na ile uliyoipenda inaweza kushuka. Usirekebishe ya zamani, acha zote mbili zionekane.

Makosa ninayoyaona sana

Kuanza na dibaji ya mkurugenzi wa makumbusho. Ni shukrani kwa wafadhili, ruka.

Kupima kazi kwa bei. Mchoro mmoja wa mchoraji Jean-Michel Basquiat wa 1982 uliuzwa mnadani dola 19,000 mwaka 1984, na 2017 ukauzwa dola milioni 110.5. Ni mchoro uleule, hakuna hata tone la rangi lililoongezwa. Bei inakueleza habari za wanunuzi.

Kudhani msanii kafanya kila kitu kwa mikono yake, alafu ukigundua hapana unaona kakudanganya. Zile mbegu za alizeti za Ai Weiwei, msanii wa China, zilizomwagwa kwenye jumba la makumbusho la Tate Modern London mwaka 2010 ziliripotiwa kuwa milioni 100, zote za kauri, kila moja imechorwa kwa mkono na mafundi zaidi ya 1,600 wa Jingdezhen, mji wa China wa kauri toka enzi na enzi. Hapo mikono ya watu wengi ndo mada. Kwa hiyo uliza swali "nani katengeneza?" bila kulifanya kesi.

Na kupigia mstari kila kitu. Ukurasa wote ukiwa na mstari hamna kilichopigiwa mstari.

Ukikwama

*Insha ina majina ya watu nisiowajua, kila mstari jina.* Yaandike pembeni. Jina likijirudia mara tatu ndo ulitafute, mengine achana nayo.

*Kitabu ni cha lugha ambayo siimudu vizuri.* Hatua ya 1 mpaka ya 4 hazihitaji lugha sana, namba na vifaa utavimudu. Insha tafsiri aya mbili tu zinazotaja kazi zako tatu, usitafsiri kitabu.

*Kazi inayozungumziwa haina picha.* Hutokea, haki za picha zinaweza kukataliwa au kuwa ghali. Tafuta kwenye tovuti ya jumba linaloimiliki, sio picha ya mtu aliyejipiga mbele yake.

*Rangi za kitabu na za kwenye simu hazifanani.* Usiamini yoyote mia kwa mia. Kama vyanzo viwili vinatofautiana andika tu "rangi sina uhakika", umbo na mpangilio bado unaweza kuvizungumzia.

*Miaka kwenye insha moja haifanani na ya insha nyingine.* Fuata ratiba ya nyuma na maandishi ya chini ya picha, hayo huwa yamehakikiwa zaidi.

*Naona kazi zote zinafanana.* Tafuta mahali alipobadilisha kifaa. Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Kenya, wengi wanamjua kwa kolaji za karatasi (picha za vipande vilivyokatwa na kubandikwa pamoja), alafu 2019 anaweka wanawake wanne wa shaba kwenye uso wa jumba la makumbusho la Met New York, kwenye vishubaka vilivyokaa vitupu tangu uso ule ukamilike mwaka 1902. Ukimsoma utakuta shahada yake ya uzamili ni ya uchongaji. Weka kolaji moja na sanamu moja pembeni kwa pembeni uone nini kimehama nini kimebaki.

*Simpendi msanii kama mtu, kafanya mambo mabaya.* Una haki. Kitabu kikificha mambo hayo wakati yanajulikana, hiyo ni kasoro ya kitabu na iandike. Huna ulazima wa kumaliza.

*Nimemaliza, nisome kipi sasa?* Kingine cha msanii huyohuyo, ila mwandishi tofauti na ikiwezekana cha miaka mingi kabla. Tafuta zile kazi zako tatu humo, kama zimo, alafu anza tena na hatua ya 6.